Kitenzi Alichokikuta Heaney

"Thole" ni kitenzi ambacho Mwingereza wa London anaweza kuzeeka bila kukitamka hata mara moja. Maana yake ni kuvumilia. Katika Kiingereza cha Kale kilikuwa "þolian", na ndugu zake wametapakaa: "dulden" ya Kijerumani, "tåla" ya Kiswidi na, kwa mbali, "tolerare" ya Kilatini. Mzizi wao wa kale ulihusu kunyanyua na kubeba.

Seamus Heaney, mshairi wa Ayalandi ya Kaskazini, anakisimulia katika utangulizi wa tafsiri yake ya Beowulf ya mwaka 1999. Alikikuta kwenye faharasa ya maneno ya utenzi huo, kikiwa kimevaa ile herufi ngeni, akatambua kwamba ndicho walichokitumia wazee wa kwao walipozungumzia waliofiwa. Anafuata njia yake: kutoka kwa Waanglo-Saksoni hadi Uskoti, kisha Ulster, kisha kusini mwa Marekani. Kwake, njia hiyo inamaliza ugomvi wa Kiingereza na Kiayalandi uliomsumbua tangu ujana.

Hapo ninamfuata nusu ya safari. Kitenzi hiki kilivuka kwenda Ulster pamoja na walowezi wa karne ya 17, waliopewa ardhi iliyonyang'anywa wenyeji. Wenyeji walirithi kitenzi cha kuvumilia kutoka kwa watu waliowapa sababu ya kuvumilia. Heaney anaijua historia hiyo vizuri, lakini furaha ya kukikuta inampitisha haraka mno.

Tafsiri yenyewe ina ukweli zaidi kuliko utangulizi. Katika mistari yake ya mwanzo kabisa, Heaney anakitumia kwa Wadeni waliokaa muda mrefu bila mfalme. Pale hakisifu subira wala hakipatanishi mtu na mtu. Kinapima uzito tu.

Sisi tuna "stahimili", kutoka Kiarabu, ukoo mmoja na "hamali" na "mhimili". Nayo ni kubeba, nayo ilikuja na bahari, na hakuna anayeomba ruhusa Muscat kabla ya kuitamka. Katika hilo Heaney yuko sahihi: neno ni la anayelitumia. Ila asili ya neno hutuonyesha mzigo na bega lililoubeba. Aliyeutwika hatajwi, na huyo mhakiki anapaswa kumuuliza.