Moto Mmoja, Sufuria Mbili

Kitunguu saumu hupondwa kabla ya moto kuwashwa. Mpishi mwenye pupa hukimbilia makala, hukimbilia maji, halafu hukumbuka kitunguu mafuta yakiwa yamekwisha kupata moto, akakitumbukiza kikiwa kimekatwa papo hapo. Punje ikipondwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani ya nyama yake hukutana, na kukutana huko ndiko kunakozaa ukali na harufu tunayoipenda. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na joto likiwahi kufika huikatiza. Ndiyo maana mama anayejua kazi, awe Mushaki au Nyabiondo katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, huponda punje zake nne tano kwa chumvi kidogo, akaziacha pembeni ya kibao, ndipo anainama kupuliza babula, jiko lake la makala. Makala yakishika, kitunguu kiko tayari.

Naanza na punje hizo kwa sababu nataka kusifu upishi usiosifiwa sana kwetu. Sifa zetu huziendea sombe iliyotwangwa tangu asubuhi, mbuzi wa harusi, maharagi yaliyoshinda motoni. Zinastahili. Lakini kiko chakula cha jioni ya siku ya kazi, kinachopikwa na mtu aliyerudi kutoka shambani, sokoni au darasani jua likikaribia kilima, na nyumba nzima ina njaa. Spageti, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), kitunguu saumu kwa wingi, nyanya mbili, pilipili. Haipiti nusu saa kimekwisha kupakuliwa. Italia na katika miji ya pwani sahani ya namna hii hupikwa kwa kamba wa baharini. Kutoka Masisi bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja, na ziwa liko pale chini ya mlima, Sake. Nami nashikilia kwamba wepesi wa chakula hiki ni elimu, tena elimu ngumu kuliko ile ya sufuria ya maharagi, ambayo humsamehe mpishi kwa saa nyingi.

Tazama maji kwanza. Milima ya Masisi hupanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi za sentigredi badala ya 100. Yanatokota, yanatoa mvuke, kifuniko kinacheza, lakini joto lenyewe ni pungufu. Maharagi ya milimani hukaa motoni saa baada ya saa kwa sababu hiyo, na muda ulioandikwa kwenye pakiti ya spageti, ambao uliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi chini karibu na bahari, huku hautoshi. Mpishi wetu hausomi. Huvuta uzi mmoja, huuma, hutazama kama kiini bado ni cheupe.

Halafu makala. Huku makala ni hesabu ya kila siku: mfuko mdogo unaonunuliwa kwa wiki, au makombo yanayopimwa kwa kopo siku ambayo fedha ni haba. Sehemu kubwa ya makala iliyopikia Goma na vijiji vinavyouzunguka mji huo kwa miaka mingi imetoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga. Kila robo saa inayookolewa jikoni ni fedha inayobaki nyumbani, na pengine ni mti unaobaki umesimama. Maji nayo yamepandishwa kutoka chemchemi katika bidoni ya lita 20, mgongoni au kichwani. Kwa hiyo hakuna kujaza sufuria pomoni kama wanavyoshauri wapishi wenye bomba ukutani. Maji hutiwa ya kufunika spageti tu, vidole viwili juu yake.

Jiko lina moto mmoja na sufuria ni mbili. Hapa ndipo ufundi unapoonekana wazi, na sijui darasa la upishi linalofundisha vizuri kuliko babula moja. Maji yakichemka, spageti inaingia, inakorogwa isishikane, inaachwa itokote dakika mbili tatu, kisha sufuria inafunikwa, inaondolewa motoni na kuzungushiwa kitambaa kizito au kitenge cha zamani. Ndani ya joto hilo spageti inaendelea kuiva yenyewe, kwa sababu haihitaji mtokoto. Inahitaji maji yaliyo moto sana na muda. Wakati huohuo makala yamefikia ukali wake wote, na kikaango kinakaa juu yake. Chakula cha kwanza kinaiva nje ya moto, cha pili kinaiva juu ya moto, na vyote viwili vinamalizika pamoja.

Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda Ulaya, mwanafizikia Mwitaliano Giorgio Parisi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliunga mkono hadharani shauri la kuzima moto na kuacha spageti iive ndani ya sufuria iliyofunikwa. Italia nzima ilibishana. Wapishi wenye majina walikasirika. Ningependa wangekuja jioni moja Kilolirwe, Masisi. Wangeona wanawake wanaofunika wali na spageti kwa kitambaa bila kubishana na mtu, kwa sababu bei ya moto kwao ilikuwa juu siku zote. Na wangeonja kitu kingine: maji machache maana yake ni maji mazito yenye unga mwingi wa ngano, nayo ndiyo yatakayoshikamanisha mafuta na nyanya mpaka mchuzi uvae kila uzi. Uhaba wa maji umewafundisha akina mama jambo ambalo migahawa mikubwa hulifanya kwa makusudi.

Kuhusu sambaza nataka kukaa kidogo, maana wao ndio roho ya sahani hii. Samaki huyu si mzaliwa wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji, kwa kuwa Kivu lilikuwa na samaki wa aina chache mno na tabaka la juu la maji yake lilikuwa kama shamba lisilo na mlimaji. Chini kabisa ziwa hilo, lenye kina cha karibu mita 485, limejaa gesi na halina hewa ya kumlisha kiumbe kama samaki; samaki wote wako juu. Sambaza walikubali makao yao mapya, wakazaana, na leo ukiitaja Goma, Minova au Bukavu unawataja wao. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikawashwa juu ya maji, wavu ukashushwa kati yake, na wavuvi hupiga kasia kwa nyimbo zinazosikika hadi nchi kavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu, na samaki hawaji. Kwa hiyo mpishi wa Sake au Karuba anayetaka chakula chake cha haraka hutazama mbingu kabla ya kutazama soko. Siku za mwezi mpevu bei itakuwa juu, au itabidi atumie wale waliokaushwa juani.

Sambaza wabichi hung'aa kama fedha na macho yao ni maangavu. Wadogo huliwa wazima. Wakubwa kidogo hubanwa kichwa kwa kidole gumba, na utumbo ukatoka mara moja. Ni kazi ya watoto, na huenda upesi zaidi kwa masimulizi. Samaki hao wanaoshwa, wanamwagiwa limau, wanapanguswa wakauke, kwa maana maji yakikutana na mafuta moto samaki hatakauka ngozi, atalegea na kuchanika. Kisha kikaango. Mafuta yakipata moto, sambaza wanawekwa wachache kwa wachache, bila kijiko. Mpishi hutikisa kikaango kwa mkono. Dakika mbili, hazizidi tatu, kama ilivyo kwa kamba: kwa wote wawili utamu hukaa ndani ya nyama kwa muda mfupi sana, na ukichelewa unapata kitu kikavu kisicho na ladha. Wanatolewa, wanakaa pembeni. Ndipo kitunguu saumu kinaingia katika mafuta yaleyale, makala yakiwa yamevutwa nje kidogo au yamefunikwa kwa majivu, maana kikigeuka kahawia ni kichungu na uchungu huo hauna dawa. Kikinukia tu, nyanya inaingia na kuokoa kila kitu kwa maji yake.

Kutoka Sake barabara inapanda Mushaki kwa kona nyingi, na kutoka hapo inaelekea Masisi-kati, Nyabiondo, kisha inashuka kwenye msitu hadi Walikale. Sambaza wabichi hawafiki mbali. Kadiri unavyoiacha nyasi ya malisho na kuingia chini ya miti, ndivyo sahani inavyobadilika, na kwangu mabadiliko hayo ndiyo uthibitisho kwamba ufundi huu ni wa kweli: unahama na mtu, unakubali kilichopo.

Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu yote msitu. Barabara ni mbaya kiasi kwamba kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami huko Kilambo, zikashusha bidhaa na kupakia madini ya bati kutoka Bisie. Pakiti ya spageti inayouzwa Njingala au Mubi huenda ilisafiri angani, na bei yake inasema hivyo. Lakini mtu wa huko hahitaji ziwa. Katika vijito vya msitu wa bonde la Kongo wanawake huziba maji kwa udongo na magogo, wakayachota yaliyobaki kwa vikapu na mabakuli mpaka chini kuonekane, kisha wakakusanya kwa mikono vilivyomo: samaki wadogo, kaa, na kamba wa maji baridi, wembamba, karibu mwanga unawapenya. Hao ndio kamba wetu. Wakiguswa na moto wanageuka wekundu mara moja, na wekundu huo ndio saa ya mpishi.

Na mafuta ya huko ni mawese. Hili hubadilisha kazi nzima. Katika mafuta meupe ya dukani unaona kitunguu kinavyoanza kupata rangi; katika mawese mekundu huoni chochote. Mpishi wa Walikale anapika kwa sikio na pua. Kitunguu kibichi hulia kwa kishindo maji yanapokitoka, kisha sauti hupungua na kuwa nyembamba, na harufu hubadilika kutoka ukali kwenda utamu. Katikati ya sauti hizo mbili ndipo kamba wanapoingia. Nimeuheshimu uwezo huo tangu nilipouona kwa mara ya kwanza, na bado nauona ni mgumu kuliko mapishi mengi yanayoandikwa vitabuni.

Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Ndani yake mna jambo ambalo kila mpishi atalielewa: Mwindo akiwa bado tumboni, mama yake anaona kuni zikija zenyewe, mtungi ukienda kuteka maji wenyewe, mboga za porini zikifika mlangoni bila kuchumwa. Msimulizi hakuchagua dhahabu wala ng'ombe kuonyesha muujiza wa kwanza wa shujaa wake. Alichagua kuni, maji na mboga. Aliujua mzigo uliokuwa mgongoni mwa wanawake wa kijiji, na alijua kinachochelewesha chakula cha jioni.

Mzigo huo umezidi kuwa mzito. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, kisha Sake na Goma. Machi mwaka huohuo walifika Walikale-kati, nao wakaondoka wiki chache baadaye. Familia zimekimbia na kurudi na kukimbia tena, mara nyingi na sufuria moja juu ya kichwa. Kwa mtu wa namna hiyo kupika upesi kuna maana kubwa: watoto wale kabla ya giza, moto usionekane usiku, sufuria iwe tupu na nyepesi kama itabidi kuondoka. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakidharau spageti kuwa chakula cha mijini, cha wavivu. Mama anayewalisha watu saba kwa makala ya makopo mawili, na kitunguu saumu chake hakikuungua, hastahili dharau hiyo hata kidogo.

Limebaki suala la jibini. Waitaliano wengi hawataki jibini juu ya samaki wala kamba, na wana sababu zao. Masisi, hata hivyo, ni nchi ya ng'ombe, na kwa miaka mingi magurudumu yake ya jibini yamesafiri hadi Goma na Kinshasa. Mimi niko upande wa Masisi. Kipande kidogo, kilichokaa muda kikapata ukali, kikikwanguliwa juu ya spageti yenye nyanya na sambaza, huongeza chumvi na mafuta ambavyo mwili uliotoka shambani kwenye baridi ya mlima unavihitaji. Walikale, palipo na joto na ambako mawese yanatosha, sikitaki.

Spageti inaingia kikaangoni pamoja na kijiko kikubwa cha maji yake, inageuzwa mara mbili tatu, sambaza au kamba wanarudi juu, pilipili inawekwa kando kwa ajili ya watu wazima. Huliwa palepale, ikiwa moto, kwa sababu ikipoa hushikana. Kinachobaki hufunikwa mpaka asubuhi, kikakaangwa na yai kwa wale wanaokwenda shule.