Kiunzi cha Kiganjani

Nagusa kwa ncha ya kalamu ya plastiki alama ndogo iliyo kando ya neno "Maji". Mistari tisa iliyo chini yake inajikunja, linabaki neno lenyewe. Nagusa tena, yote inarudi kama ilivyokuwa. Nimepanga insha nyingi kwenye Palm, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, na tendo hili halijanichosha. Limenifunza kwamba mwandishi hahitaji kuona kila kitu kwa mara moja. Anahitaji kujua kila kitu kilipo.

Kupanga kiunzi cha insha ni ufundi wa mjenzi wa nyumba ya udongo. Husimamisha nguzo, akafunga fito, ndipo akandike. Anayekandika fito zingali zinalegea, mvua ya kwanza humuumbua. Katika maandishi, nguzo ni hoja kuu, na fito ni hoja ndogo zinazoshikana nazo. Basi kila mstari huulizwa: wewe ni mtoto wa nani?

Palm ya kwanza, iliyoitwa Pilot, ilitoka mwaka 1996. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 160 tu, nayo ilitumia betri mbili ndogo. Uliiandikia kwa mwandiko wake yenyewe, Graffiti, ambao herufi zake huchorwa bila kuinua kalamu. A, kwa mfano, haina kijiti cha katikati. Kwa mwandiko huo, na kioo chembamba namna hiyo, huna budi kufupisha. "Umuhimu wa kuhifadhi maji ya mvua nyumbani" nikaigeuza "Kuvuna mvua". Hoja inayokataa kuingia katika maneno matatu, mara nyingi ni hoja mbili zilizovaa kanzu moja.

Utamu wenyewe uko katika kupangua. Katika insha ile ya maji, mstari "Mama na ndoo" ulikuwa umejificha chini ya kichwa cha tatu, mtoto wa mwisho. Nikauburura hadi juu kabisa. Mara hoja nyingine zikajipanga nyuma yake, kama watoto wanaomfuata mama kisimani. Kwenye karatasi ningelazimika kunakili ukurasa mzima upya. Huenda ningeuacha pale pale, na insha ingezaliwa kilema.

Ufundi huu una wazee wake. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mtafiti wa kompyuta Douglas Engelbart aliionyesha hadhira jinsi kompyuta inavyoweza kupanga mawazo. Mfano wake ulikuwa orodha ya vitu vya kununua dukani: akaigawa mafungu, akayakunja, akayakunjua. Chombo kinachoweza kupanga mahitaji ya jikoni kinaweza kupanga fikra yoyote.

Naye Jeff Hawkins, mbunifu wa Pilot, kabla mashine hiyo haijaundwa, alichonga kipande cha ubao kwa kipimo alichokitaka, akawa anatembea nacho mfukoni. Alipohitaji kuandika miadi, alikitoa akakigusagusa kwa kijiti kana kwamba kinafanya kazi. Ubao ule haukuwa na betri wala kioo, lakini ulikwisha kuamua mashine itakuwa na ukubwa gani, na nini kitabaki nje yake. Kila ninapoandika kichwa cha kwanza kwenye kioo kitupu, nami nachonga ubao wangu.