Kanisa Mara Tatu

Binti yangu amepata likizo ya wiki mbili, na jana usiku aliipanga safari yake yote, Amsterdam mpaka Roma kwa treni, kabla chai haijapoa mezani. Simu ilimpa saa, behewa na kiti. Nilichungulia begani kwake nikaona kwamba Köln amepewa dakika tisa za kubadili treni.

“Dakika tisa, mama?”

“Zinatosha, Baba. Simu imeshapiga hesabu.”

Imepiga kweli. Ila yeye mwenyewe haikumtia hesabuni, wala sanduku lake, wala ile tabia yake ya kusimama kila penye harufu ya mkate.

Nikamkumbuka Ami. Alikuwa baharia, akashuka melini Rotterdam akaoa huko, akakaa mpaka mvi. Visa vyake vya baharini wanavyo wengine. Mimi nilichokishuhudia kwake ni ustadi ambao hata jina sikuwahi kulisikia: kumpangia mtu mwingine safari. Mwaka 1994 nilikwenda kumtembelea, nikamwambia natamani kuiona Roma. Hakujibu. Alifuta meza, akachonga penseli kwa kisu, akafungua kitabu cha ratiba cha Thomas Cook.

Kitabu hicho kilianza kuchapishwa 1873, na ukikifungua hukuti sentensi. Ni tarakimu juu ya tarakimu, ndogo kama mchanga, na kando yake alama: nyundo mbili zilizopishana, treni haiendi Jumapili wala sikukuu; msalaba, inakwenda siku hizo tu. Ami alisema alama ndogo kama hiyo ndiyo inayomlaza mtu stesheni.

Jioni ya kwanza hakuandika kitu. Aliniuliza tu. Nasinzia saa ngapi? Tumbo langu linavumilia nini? Nikifika mji mgeni usiku, moyo unanienda mbio? Nilimjibu nikicheka, yeye hakucheka.

Jioni ya pili ndipo alipoanza kuandika, na kila saa aliiandika mara mbili. Kama ni 19:12, pembeni aliweka: saa 1:12 usiku. Nikamwambia, Ami, mimi nimesoma, naijua saa ya Kizungu. Akanisimulia jinsi alivyokata tikiti ya treni ya 7:00 siku zake za mwanzo Uholanzi. Akavaa suti, akafika stesheni mapema kabisa, saa saba kasoro robo mchana. Treni ilikuwa imeondoka tangu saa moja asubuhi. “Ukichoka,” aliniambia, “kichwa kinarudi kwenye saa ya mama yako.”

Kati ya treni na treni aliacha nafasi, na nafasi hizo aliziita pumzi. Ndivyo alivyoziandika: pumzi, dakika 50. Köln alinipa pumzi ya saa mbili, kwa sababu kanisa kuu liko hapo hapo mbele ya stesheni. Kutoka hapo treni ilifuata mto Rhine mpaka Mainz, ngome moja ikitoka nyingine ikiingia, na mimi uso kwenye kioo kama mtoto.

Lakini kilichonibakia ni Wassen. Ni kijiji cha Uswisi, chini ya mlima Gotthard, na treni yangu haikusimama pale. Kwenye karatasi Ami aliandika: kanisa mara tatu, usilale. Sikuelewa. Mara nikaliona, kanisa jeupe dogo juu kabisa ya vichwa vyetu. Treni ikaingia mlimani, ikajizungusha gizani, ikatoka. Kanisa lile lile liko usawa wa dirisha. Tukaingia tena, tukatoka tena, na sasa liko chini yetu, dogo kama punje. Tulikuwa tunaupanda mlima kwa kuuzunguka, na bila kanisa lile nisingejua. Mzee mmoja wa mbele yangu, asiyejua lugha yangu wala mimi yake, aliniinulia vidole vitatu.

Treni ya binti yangu haitapita huko. Tangu 2016 kuna handaki la kilomita 57 chini ya mlima, na treni za haraka hulipita kwa muda wa kunywa kahawa. Na kutoka Köln, tangu 2002, kuna reli ya mwendo kasi inayouacha mto. Njia za zamani bado zipo, treni bado zinapita. Simu haimwonyeshi kwa sababu hakuna aliyeiuliza njia ndefu.

Toleo la mwisho la Thomas Cook lilitoka Agosti 2013. Baadhi ya wahariri wake walikifufua kitabu mwaka uliofuata kwa jina jingine, lakini Ami hakukisubiri. Nakala yake ya mwisho nililetewa mimi pamoja na koti lake.

Usiku, binti alipokwenda kulala, niliifungua. Kurasa za Italia zina alama za penseli, safari ambayo hakuniambia, kwenda Sicilia. Villa San Giovanni amepigia mstari. Pale mabehewa huingizwa ndani ya meli, yakavushwa mpaka Messina. Pembeni ameandika kwa mkono uliokwisha kutetemeka: pumzi, mpaka ng’ambo, tupande juu tuone bahari.

Ameandika *tupande*. Ya wawili.