Dawa Isiyoua

Watu wa Umalila kule Mbeya, na wenzao wa Mufindi mkoani Iringa, hawahitaji kuelezwa pareto ni nini. Ua huchumwa likiwa limefunguka vya kutosha, si changa wala halijapitiliza, kisha huanikwa mapema kabla halijachemka ndani ya gunia na kupoteza nguvu. Yaliyokauka hupelekwa kiwandani Mafinga, yakasagwa na kutolewa sumu. Sumu yenyewe ni kidogo: kilo 100 za maua makavu huwa na kilo 1 au 2 tu, na sehemu kubwa imo kwenye vijibegu vya katikati ya ua, si kwenye petali nyeupe zinazopendwa na wapiga picha.

Sumu hiyo ni mkusanyiko wa molekuli sita ndogo zinazofanana, piretrini. Zikimwingia mdudu hushika protini iliyo kwenye utando wa seli za neva, ule mlango wa kupitishia sodiamu, zikauzuia usijifunge. Neva hupeleka ujumbe mfululizo bila kupumzika, na mbu anadondoka akitapatapa. Hapo wengi hupiga makofi. Mimi sifa zangu nimemwekea mwingine, kwa sababu mbu aliyedondoka si lazima awe amekufa. Akipewa nafasi, vimeng'enya vya mwilini mwake vya ukoo wa P450 huivunjavunja piretrini, naye huinuka akaenda zake.

Karibu na mwaka 1940, huko Marekani, iligundulika kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto huiongezea makali, ingawa yenyewe peke yake si sumu ya kutegemewa. Ufuta huu huu wa kashata! Wanakemia waliifuata siri iliyokuwamo, na kufikia mwaka 1947 walikuwa wametengeneza piperonili butoksaidi, ambayo maabara zote huiita PBO.

Namna inavyofanya kazi ni ya kijanja. PBO ina pete ndogo yenye oksijeni mbili. Kimeng'enya cha P450 huipokea kama mzigo wa kila siku na kuanza kuishughulikia, na katika kuishughulikia huzaa kipande kinachong'ang'ania chembe ya chuma iliyo moyoni mwa kimeng'enya chenyewe. Ni mbwa aliyekwamwa na mfupa alioukimbilia mwenyewe. Mdudu hajauawa, amenyang'anywa ngao.

Na hapo ndipo PBO inapokuwa chombo cha kuulizia maswali. Mbu aina ya Anopheles funestus wa bonde la Kilombero, upande wa pili wa milima ya Udzungwa ukitokea Iringa, wamekuwa sugu kwa dawa za vyandarua, ambazo ni ndugu wa pareto waliotengenezwa viwandani. Usugu una njia nyingi. Huenda mlango wa sodiamu umebadilika umbo, dawa haishiki tena. Huenda P450 imeongezeka mwilini. Ukimtazama mbu kwa macho hutajua. Lakini ukiiziba P450 kwanza, kisha ukampa dawa ileile, jibu lake litakupa fununu.

Ufundi ninaousifu uko kwenye meza ya jaribio hilo. Mbu majike wa siku 3 hadi 5, ambao hawajaonja damu, hufyonzwa kwa bomba lenye kichujio, kisha hupulizwa taratibu ndani ya mrija wa plastiki, kama 25 kwa mrija. Mkono mzito huvunja miguu, na mbu aliyevunjika mguu kesho yake atahesabiwa miongoni mwa waliouawa na dawa, ilhali dawa haikumfanya kitu. Saa nzima hukaa na karatasi yenye PBO asilimia 4, saa nyingine na karatasi ya kiuatilifu, kisha pamba yenye maji ya sukari na subira ya saa 24. Pembeni huwapo mirija mingine: wenye kiuatilifu bila PBO, wenye PBO bila kiuatilifu, wenye karatasi ya mafuta matupu. Mgeni huiona kama kupoteza mbu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa bila mrija wa PBO pekee huwezi kuapa kwamba si PBO iliyoua.

Jibu la mezani lilifika vitandani. Majaribio yaliyofanyika Muleba, Kagera, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa vyandarua vyenye PBO viliwakinga watoto dhidi ya malaria zaidi kuliko vile vya kawaida.

Lakini kizuizi kinachosaidia dawa moja huiponza nyingine. Wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini wanaifahamu Actellic Super, ule unga unaochanganywa na mahindi kabla ya kuyahifadhi. Mna dawa mbili: permethrini ya kumkabili dumuzi, ambaye wengi humwita Scania, na pirimifosi-methili ya kumkabili fukusi. Hii ya pili nayo ni kizuizi: huziba asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachozima ujumbe kati ya neva na neva. Ila haiingii mwilini ikiwa na makali yake kamili. Hungoja P450 ya mdudu mwenyewe iigeuze. Mpitishe mbu kwenye PBO kwanza, kisha umpe pirimifosi-methili, nawe huenda ukamwokoa.

Kwa hiyo fundi wa meza hiyo hatosheki na PBO peke yake. Huwa na nyingine za kumnyang'anya mdudu ngao zake nyingine: DEF ya kuziba esterasi, na DEM ya kumaliza akiba ya glutathioni, na kila moja hudai mirija yake ya kulinganishia. Mbu 25 hapa, 25 pale, na kila jaribio lirudiwe: kuna wakati maswali yote yako tayari na karatasi zimekatwa, ila banda la kufugia halina mbu wa kutosha.