Nani Ana Nadharia? Uhakiki wa Nafasi ya Muziki wa Kiafrika katika Somo la Muziki la Sekondari nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna muziki wa Kiafrika na muziki wa Kimagharibi unavyofundishwa sambamba katika shule za sekondari nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba usawa unaoonekana katika vichwa vya mada haupo katika aina ya maarifa yanayotolewa: muziki wa Magharibi hufundishwa kama mfumo wa kufikiri, ilhali wa Kiafrika hufundishwa zaidi kama orodha ya vitu na desturi. Kwa mifano ya nyatiti ya Wajaluo, amadinda ya Waganda na ushairi wa Kiswahili, makala yanaonyesha kwamba nadharia ya muziki wa Kiafrika ipo, na kwamba imehifadhiwa katika istilahi za watendaji wenyewe. Yanapendekeza istilahi hizo ziingizwe katika mtaala kupitia Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, somo la Muziki nchini Kenya limejengwa juu ya nguzo mbili, yaani muziki wa Kiafrika na muziki wa Kimagharibi. Mtahiniwa wa kidato cha nne amekuwa akipimwa katika utendaji, usikivu, stadi za msingi za nadharia na utunzi, pamoja na historia na uchanganuzi wa muziki wa pande zote mbili. Kwa mtazamo wa haraka, huu ni mgawanyo wa haki ambao nchi nyingi zilizotawaliwa na wageni zingeuonea fahari.

Makala haya hayakusudii kubeza jitihada hiyo. Yanakusudia kuusoma mtaala kama matini, kwa jicho la mtafiti wa lugha, na kuuliza swali moja: kila upande umepewa vitenzi gani? Mwanafunzi anaambiwa afanye nini na muziki wa Bach, na anaambiwa afanye nini na muziki wa nyanyake? Swali hili lina uzito wa pekee sasa, kwa kuwa wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia shule ya upili mwaka 2026, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo unahitaji vitabu, miongozo ya walimu na mitihani. Kitakachoandikwa katika miaka hii michache ndicho kitakachofundishwa kwa kizazi kizima.

2.0 Vitenzi vya pande mbili

Katika muziki wa Kimagharibi, mwanafunzi hujifunza skeli, vipindi vya sauti, hamonia na namna ya kuhama kutoka skeli moja hadi nyingine. Kisha hutakiwa kuvitumia: huendeleza melodi aliyoanzishiwa, huigeuza ielekee kwenye skeli ya noti ya tano, na huipangia melodi sauti nne kwa kufuata kanuni. Vitenzi vinavyotawala hapa ni kutunga, kupatanisha, kugeuza na kuchanganua. Ni vitenzi vya mtu anayefikiri kwa muziki.

Katika muziki wa Kiafrika, vitenzi vinabadilika. Mwanafunzi hutaja ala, huziainisha, hueleza zimetengenezwa kwa vifaa gani na hutumika katika shughuli gani. Huorodhesha dhima za nyimbo, kama vile za kazi, za jando, za kubembeleza na za maombolezo. Hueleza mavazi, mapambo na mpangilio wa wachezaji. Ni kweli kwamba mtihani huwa na wimbo teule wa Kiafrika unaochanganuliwa, na hilo linastahili kusifiwa. Hata hivyo, zana za uchanganuzi huo kwa kiasi kikubwa hutoka katika nusu ile nyingine ya mtaala.

Hata uainishaji wa ala, ambao ndio uti wa mgongo wa mada hii, haukutoka kwa wapigaji. Makundi ya ala yanayokaririwa na wanafunzi wetu, yaani idiofoni, membranofoni, kodofoni na aerofoni, yanatokana na mfumo uliochapishwa na Erich von Hornbostel na Curt Sachs mwaka 1914, ambao nao ulipanua kazi ya Victor Mahillon, mtunzaji wa makumbusho ya ala mjini Brussels. Mfumo huo ulikidhi haja ya mtunza makumbusho: kujua kifaa kilichonyamaza kiwekwe kwenye rafu gani. Mpigaji ana haja tofauti.

Tuchukue nyatiti. Kitabu cha kiada kitasema kwamba ni ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, kodofoni, ambayo hupigwa kwa vidole. Yote ni kweli. Lakini mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, na kuigonga kwenye ukingo wa ala. Mguuni pia hufunga njuga ziitwazo gara. Kwa hiyo mtu mmoja hutoa nyuzi, mgongo, mlio wa njuga na sauti ya kuimba kwa wakati mmoja. Mwanamuziki angeuliza: pigo la kidole cha mguu linakaa wapi likilinganishwa na la vidole vya mkono? Sauti ya kuimba inalifuata lipi kati yao? Hapo ndipo nadharia inapoanza, na hapo ndipo maelezo ya ala yanapoishia.

3.0 Nadharia iliyomo katika vitenzi: mfano wa amadinda

Huenda msomaji akasema kwamba nadharia hiyo haifundishwi kwa sababu haipo. Kwamba wahenga walipiga tu bila kufanya uchambuzi. Jirani zetu wa Uganda wanatoa jibu. Amadinda ni marimba ya Waganda yenye vibao kumi na viwili, na skeli yake ina noti tano katika kila oktavu. Wapigaji wawili huketi wakikabiliana, vibao vikiwa katikati yao. Mmoja huanza na ruwaza yake kwa mwendo usiobadilika. Wa pili huingiza noti zake katikati kabisa ya noti za mwenzake. Wa tatu husikiliza noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, kisha huzirudia kwenye vibao viwili vya juu. Melodi anayoisikia msikilizaji haipigwi na yeyote kati yao peke yake. Huzaliwa pale ruwaza zinapofumana.

Luganda kina jina kwa kila tendo. Kuanza ni okunaga. Kuingia katikati na kugawanya ni okwawula. Kuchukua noti za chini na kuzitoa juu ni okukoonera. Wapigaji nao huitwa kwa kazi zao: abanazi, abawuzi na omukoonezi. Msamiati huu hauelezi ala imetengenezwa kwa mti gani. Unaeleza uhusiano wa sehemu moja ya muziki na nyingine, jambo ambalo katika upande wa Magharibi tunaliita nadharia bila kusita. Joseph Kyagambiddwa aliuandikia kitabu muziki huu mwaka 1955, na Gerhard Kubik, aliyejifunza kwa Evaristo Muyinda, alitumia maneno ya walimu wake katika maandishi yake ya kitaaluma. Istilahi zilikwishafika kwenye vitabu vya wataalamu muda mrefu uliopita. Bado hazijaenea katika madarasa ya Afrika Mashariki.

4.0 Mizani darasani: Kiswahili kilichotenganishwa na sauti yake

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Katika kipindi cha Kiswahili, mwanafunzi hufundishwa kwamba mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na kwamba wa utenzi una nane. Hufundishwa vina, ukwapi, utao, bahari na kibwagizo. Huhesabu mizani kwa vidole na kuandika jibu. Saa moja baadaye, katika kipindi cha Muziki, huhesabu mapigo katika kipimo na kujifunza kishazi cha melodi. Hakuna anayemwambia kwamba amefanya jambo lile lile mara mbili.

Ushairi wa Kiswahili wa kimapokeo ni sanaa ya kuimbwa. Mizani ni kipimo cha muda kabla ya kuwa kipimo cha karatasi. Kituo cha kati ni mahali pa kuvuta pumzi, na kibwagizo hukamilisha duru ya lahani. Kwa kuupeleka ushairi huu katika somo la lugha bila sauti, na kuuacha nje ya somo la Muziki, tumeugawa urithi mmoja vipande viwili na kuvinyima vyote uhai. Mwalimu wa Kiswahili hulalamika kwamba wanafunzi wanaliogopa shairi. Mwalimu wa Muziki naye hulalamika kwamba hakuna istilahi za Kiswahili za kufundishia. Kila mmoja anashikilia nusu anayoitafuta mwenzake.

Taarabu inatatiza zaidi mgawanyo wa nguzo mbili. Udi, kanuni, fidla na maqamu zilifika pwani kwa njia ya Misri na Uarabuni, zikakutana na ushairi wa Kiswahili na midundo ya ngoma. Je, huo ni muziki wa Kiafrika au wa Kimagharibi? Mtaala wenye milango miwili hauna pa kumkaribisha mgeni huyu, ingawa yeye ni mwenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoko Unguja kimefundisha taarabu na ngoma pamoja na nadharia ya Kimagharibi chini ya paa moja. Mfano huo unaonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kubeba mifumo zaidi ya mmoja bila kuchanganyikiwa, mradi kila mfumo uitwe kwa jina lake.

5.0 Utunzi: mahali pa kupimia usawa

Kipimo halisi cha usawa ni utunzi, kwa sababu mtu hawezi kutunga kwa orodha. Wimbo wa Taifa wa Kenya ni somo zuri. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Thomas Kalume na Peter Kibukosya, liliandaa wimbo huo kwa msingi wa bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, likaupa maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na ukapangwa kwa hamonia ya Kimagharibi. Kila mwanafunzi anaujua kwa moyo. Mwalimu anaweza kuuliza: ni nini katika bembelezi kilihifadhiwa, na ni nini kilibadilishwa ili sauti nne zipatane? Lahani moja inayabebaje maneno ya lugha mbili zenye mkazo tofauti?

Swali la mwisho ni la kiisimu, na ni muhimu kwa mtunzi. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi akiweka silabi ya mwisho ya neno kwenye pigo zito, neno hulegea hata kama noti zake ni sahihi. Katika lugha zenye toni kama Dholuo na Luganda, hatari ni kubwa zaidi: melodi ikipanda pale ambapo neno linashuka, maana huweza kuyumba. Kanuni ya kwamba melodi iyatii maneno ni kanuni ya utunzi, yenye uzito sawa na kanuni zozote za hamonia. Inastahili kutuzwa alama katika mtihani, na kuwa nayo au kutokuwa nayo kuonekane katika matokeo ya mtahiniwa.

6.0 Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba nadharia ya Kimagharibi ndiyo inayofungua milango ya vyuo, studio na kwaya. Ni kweli, na makala haya hayapendekezi ipunguzwe. Isitoshe, solfa imeimbwa makanisani mwetu kwa vizazi kadhaa hata imekuwa yetu. Tunachodai ni kwamba nusu ya pili ifundishwe kwa kina kile kile.

Pingamizi la pili ni kwamba walimu hawakuandaliwa. Hili ni zito. Hata hivyo, somo la Muziki la Kenya limekuwa na utamaduni wa utendaji kupitia Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambako walimu na wanafunzi hufanya kazi na wajuzi wa ngoma za jamii zao. Ujuzi unaofika jukwaani huishia jukwaani kwa sababu haukupewa istilahi za kuupeleka darasani.

Pingamizi la tatu linawahusu wanakongamano hili moja kwa moja: je, Kiswahili hakitazimeza lugha nyingine? Kitazimeza kikitafsiri kila kitu. Hakitazimeza kikipokea. Hatuna haja ya kubuni neno jipya la okukoonera. Kiswahili kilichopokea kanuni na udi kutoka Kiarabu hakishindwi kupokea istilahi ya Kiganda au ya Kijaluo ikiwa na jina la wenyewe. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia mwezi Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Kazi ya pamoja ya istilahi za muziki ingekipa Kiswahili nchini humo sura ya lugha inayopokea pia.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Neno ngoma hutaja ala, uchezaji, wimbo na hafla yenyewe. Somo la shule ya upili katika mtaala mpya linaunganisha Muziki na Densi, na kwa hilo mtaala umekaribia, labda bila kukusudia, maana ya neno letu la zamani. Ni fursa ya kuandika upya nusu ya Kiafrika kwa vitenzi vya utendaji na uchanganuzi.

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na taasisi za mitaala, ikusanye istilahi za muziki kutoka kwa watendaji wa lugha mbalimbali, ikianza na zile zinazoeleza uhusiano wa sehemu za muziki badala ya majina ya ala. Pili, mada ya ushairi katika Kiswahili na mada ya melodi katika Muziki zipangwe muhula mmoja, zikitumia matini zile zile zikiimbwa. Tatu, mtihani wa utunzi uwe na swali linalopimwa kwa kanuni za Kiafrika, kama vile kufumanisha ruwaza mbili, kujenga wimbo wa kiongozi na waitikiaji, au kutungia lahani maneno ya lugha ya mtahiniwa.

Pendekezo la tatu ndilo litakaloamua hatima ya mengine mawili. Walimu hufundisha kinachotahiniwa, na wanafunzi huheshimu kinachopewa alama. Mtihani utakaomtaka mtoto aliyekulia penye amadinda au nyatiti aonyeshe anavyofikiri kwa ala hiyo, na si kuitaja tu, ndio utakaothibitisha kwamba nguzo mbili za somo hili zina urefu mmoja.