Pongezi kwa Wapagazi wa Mgunda Mkali

Msafiri ashukaye stesheni ya Manyoni, akaelekeza uso magharibi kunako vichaka vya Itigi, huitazama nyika ile ambayo zamani iliitwa Mgunda Mkali, na ambayo Burton na Speke mwaka 1857, kisha Stanley, mjumbe wa gazeti la New York Herald, mwaka 1871, waliivuka kwa fadhila za wapagazi. Hao ndio niwapongezao kwa dhati ya moyo. Kwani Wanyamwezi na Waswahili wa Mrima, kila mmoja na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, wa merekani, shanga au nyaya za shaba, walivijua visima vya njia hiyo na hongo za watemi wa Ugogo kabla Mzungu yeyote hajaichora ramani. Na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, aliyewatumikia Burton na Speke, akasafiri na Stanley, kisha akafika na Cameron bahari ya Atlantiki mwaka 1875, astahiki jina la mvumbuzi. Pensheni aliyopewa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, kwa rai yangu, ilikuwa haba kwa mtu aliyelivuka bara zima kwa miguu.