Keekee Ilitangulia Macho

Septemba 2002 runinga ilionyesha mubashara roboti ikitoboa jiwe kwa keekee. Roboti hiyo ilipanda mfereji wa kusini wa Chumba cha Malkia, ndani ya Piramidi ya Khufu, hadi kwenye kibao cha chokaa chenye vishikizo viwili vya shaba ambacho Rudolf Gantenbrink alikigundua mwaka 1993. Unene wa jiwe ulipimwa kwanza kwa mawimbi ya sauti. Hapo sina neno.

Kosa ni kutoboa kibao cha miaka 4,500 wakati kifaa pekee cha kuchungulia kilikuwa kamera isiyoweza kugeuka. Ilitazama mbele tu, ikakuta jiwe la pili, kipindi kikaisha. Sakafu haikuangaliwa. Mgongo wa kibao haukuangaliwa, na huko ndiko lilikokuwa jibu la swali letu sote tangu Gantenbrink: shaba ile ni ya kuvutia jiwe, au ni ya ibada? Baadaye timu ya roboti iitwayo Djedi ilipitisha kamera inayopinda katika tundu lilelile, na picha zake za mwaka 2011 zikaonyesha alama za rangi nyekundu sakafuni, na ncha za shaba zimekunjwa kuwa vitanzi vidogo, nadhifu, ambavyo mimi naviona ni pambo la ibada. Vyote vilikuwapo usiku ule wa runinga, mbele ya pua ya kamera. Aliyeidhinisha keekee kabla ya kuwa na kamera hiyo aliitanguliza hadhira, jiwe likafuata.

Na haikuwa kwamba njia bora haijulikani. Mwaka 1987, pembeni mwa piramidi hiyohiyo, Farouk El-Baz na wenzake walipotoboa paa la shimo la mashua ya pili ya Khufu, waliizuia hewa ya nje isiingie, wakachukua sampuli ya hewa ya ndani, ndipo wakashusha kamera. Kabla yao, Hag Ahmed Youssef aliunga vipande 1,224 vya mashua ya kwanza kwa miaka mingi, bila kukimbizwa na mtangazaji. Hao ndio mafundi. Vyse, aliyelipua mawe ya piramidi kwa baruti mwaka 1837, sitamsamehe kamwe, na nasikitika mwaka 2002 ulimkaribia yeye kuliko Hag Ahmed.

 

Ujia wa mita 9 ndani ya piramidi hiyohiyo, uliotangazwa Machi 2023, ulichunguzwa kwa miyuoni, chembe zinazopenya mawe, kisha kamera nyembamba ikapita katika mwanya uliokuwapo kati ya mawe. Safi. Jiwe la pili la mfereji wa kusini, na kibao kinachoziba mfereji wa kaskazini wa chumba hichohicho, visiguswe na keekee kwa utaratibu wowote ulio chini ya huo.